Kusuka Koili: Neno la Mafundi

Utangazaji ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, redio zilizouzwa zilikuwa za valvu. Mahali pasipo umeme, mathalani vijiji vya Reli ya Kati kama Zuzu, magharibi ya Dodoma, redio ya namna hiyo ilihitaji betri. Waya wa koili ukikatika, fundi huufungua huku akihesabu mizunguko, kisha huuzungusha mwingine kwa idadi ile ile. Mizunguko ikizidi maradufu, masafa yanayonaswa hushuka nusu. Kazi hii mafundi huiita kusuka, kama wasemavyo kusuka mota.

Wapo walipingao neno hili. Kusuka, wasema, ni kupishanisha, kama ukili au nywele. Waya huzungushwa tu. Lakini kuzungusha tayari ni kazi ya kitufe cha kutafutia stesheni. Tena koili nyingi za mawimbi ya kati hupishanishwa kimshazari hasa, ili kupunguza chaji inayojilimbikiza baina ya tabaka. Fundi, ambaye hakuulizwa, alikuwa amesema sawa.

Leo Zuzu ina kituo kikubwa cha kupozea umeme. Koili za transfoma hulazwa sambamba, wala hazipishani. Nazo mafundi husema zimesukwa. Hapo wapinzani wana haki yao.