Ukinzani: Neno la Kuuliza Kabla ya Kununua Baiskeli ya Mazoezi

Muuzaji wa baiskeli za mazoezi atakutajia kwanza uzito wa gurudumu la mbele, kisha ukubwa wa kioo, kisha rangi zilizobaki stoo. Kile hasa unachokilipia hukitaja mara chache, pengine kwa sababu hakionekani kwa macho. Ni ile nguvu inayougomea mguu usizungushe pedali kirahisi. Ukiiondoa hiyo, unabaki na kiti cha chuma chenye kanyagio mbili. Istilahi yake kwa Kiswahili ni ukinzani, na anayeielewa vizuri haibiwi dukani wala haumii magoti nyumbani.

Neno lenyewe si geni. Mzizi wake ni kinza, yaani kuzuia au kwenda kinyume, na mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili alikutana nalo kwenye somo la umeme, pale volteji, mkondo na ukinzani vinapofungwa pamoja katika kanuni ya Ohm. Waya mwembamba hukinza mkondo wa umeme. Breki ya baiskeli ya mazoezi hukinza mzunguko wa gurudumu. Wazo ni lile lile. Kiingereza kina neno moja, resistance, kwa mambo mengi ya namna hii, ila Kiswahili kimeyagawa, na kimeyagawa kwa akili. Vimelea visivyosikia tena dawa vina usugu. Wanaoupinga utawala wako upande wa upinzani. Chuma na sumaku hazina nia wala mazoea, kwa hiyo hazipingi na hazijawa sugu, zinakinza. Ndiyo maana napata shida na vijitabu vya maelekezo vinavyoandika “kiwango cha upinzani” kwenye mashine isiyo na mtu wa kumpinga.

Watu wa jimu wana maneno yao: kaza, legeza, ongeza mzigo, weka ngumu. Kaza na legeza ni vitenzi vizuri na sioni sababu ya kuviondoa kinywani mwa mwalimu. Ninachokikataa ni mzigo na uzito, maana vinamfanya mnunuzi aamini kwamba gurudumu zito ndilo lenye kazi ngumu. Imani hiyo imewagharimu watu fedha nyingi, nami nitaieleza mbele.

Siku moja nilisikia mazungumzo haya kati ya mwalimu kijana na mama mtu mzima aliyekuwa anaanza mazoezi. “Mama, kaza kidogo, nusu mzunguko tu.” Mama akashika kishikizo chekundu chini ya usukani, akauliza: “Nusu ya wapi, mwanangu? Hapa hakuna namba.” Swali lile lilikuwa sahihi kabisa. Kishikizo hakikuwa na namba, na nusu mzunguko wa asubuhi, breki ikiwa baridi, si nusu mzunguko wa baada ya dakika ishirini.

Tatizo la mama yule liliwahi kuwashughulisha wanasayansi. Mwaka 1913, August Krogh wa Copenhagen, ambaye mwaka 1920 alipata Tuzo ya Nobel, alieleza baiskeli ya maabara iliyozuiwa kwa sumaku-umeme. Alitaka kujua mwili unatumia oksijeni kiasi gani kwa kazi fulani, na asingeweza kujua hilo bila kuijua kazi yenyewe. Barabarani ukinzani hutoka kwa mlima, upepo na tope, na hakuna anayeweza kuviamuru. Ndani ya chumba unaweza kuupanga, kuupima, na kuurudia kesho vile vile. Mwaka 1954 Msweden Wilhelm von Döbeln akaeleza mashine rahisi zaidi, ya mkanda unaosugua gurudumu na mizani ya kuonyesha mkanda unavuta kwa kiasi gani. Mpaka leo, katika hospitali nyingi, mgonjwa wa moyo huketishwa juu ya baiskeli ya kupimia, ukinzani ukapandishwa hatua kwa hatua, huku daktari akiangalia mapigo yake. Kituo cha Kimataifa cha Anga nacho kina baiskeli yake. Huko hakuna uzito wa mwili wa kukalisha kitini, lakini ukinzani wa breki upo kama kawaida.

Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya kuendesha baiskeli ndani: kipimo kiko mikononi mwako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mtu mnene au mwenye magoti mabovu anaweza kufika hapo akiwa ameketi, uzito wake ukiwa umebebwa na kiti, bila miguu kugonga lami. Mwenye kisukari husaidika kwa sababu misuli mikubwa ya mapaja inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Halafu kuna faida ambazo daktari hazipimi. Wapo kina mama ambao kwao au mtaani kwao hawawezi kupanda baiskeli hadharani wakaachwa wapite kwa amani, sebuleni wanaweza. Mwezi wa Ramadhani mtu anaweza kufanya zoezi lake baada ya tarawehe bila kutoka gizani. Daladala na bodaboda hazimfuati chumbani.

Turudi dukani. Ukinzani hupatikana kwa njia tatu, na tofauti zake zina uzito kuliko jina la kampuni.

Ya kwanza ni msuguano. Chini ya kile kishikizo kuna kipande cha sufu iliyoshindiliwa, au ngozi, kinachobanwa juu ya ukingo wa gurudumu. Piga magoti ukitazame. Kikiwa kipya kina unene ulio sawa kote. Kikishatumika sana hulika upande mmoja, kikang’aa kama kisigino cha kandambili, na vumbi laini hujikusanya sakafuni chini yake. Kinapopata moto msuguano wake hubadilika, ndiyo maana kishikizo kisichoguswa hutoa kazi tofauti mwanzoni na mwishoni. Kwa upande mwingine, mashine hizi ni rahisi, hazihitaji umeme, na kipande kilichokwisha hubadilishwa kwa dakika chache.

Ya pili ni sumaku. Hapa hakuna kinachogusana. Sumaku husogezwa karibu na bamba la alumini linalozunguka, na mwendo huo huzaa mikondo ya umeme ndani ya bamba; mikondo hiyo nayo hutengeneza usumaku unaokinza mwendo ulioizaa. Hailiki na haipigi kelele, hivyo jirani wa ghorofa ya chini analala. Lakini uliza kitu kimoja: sumaku zinasogezwa kwa mkono au kwa umeme? Za mkono zinafanya kazi hata TANESCO wakikata umeme; kioo chake kidogo hutumia betri tu. Zile za sumaku-umeme zinazochomekwa ukutani hupoteza ukinzani umeme unapokatika, ukabaki unazungusha miguu bure.

Ya tatu ni hewa: gurudumu la mbele ni feni kubwa, na usukani mara nyingi husukumwa na mikono pia. Ina kelele, lakini inakupuliza upepo.

Sasa angalia zinavyotofautiana unapoongeza kasi bila kugusa kishikizo. Kwenye msuguano, ukizungusha pedali kwa kasi maradufu, kazi unayofanya kwa kila sekunde huongezeka mara mbili. Kwenye sumaku, kwa mwendo wa kawaida, huongezeka karibu mara nne. Kwenye hewa, mara nane. Mtu anayeanza, mwenye umri mkubwa au anayetoka kuugua, hafai kuwekwa kwenye mashine ambayo haraka kidogo tu inampandishia kazi ghafla. Kwake ningechagua sumaku ya mkono, bila kusita. Kijana wa mpira anayetaka kujikamua kwa sekunde thelathini na kupumzika, baiskeli ya feni inamfaa kuliko zote.

Na gurudumu zito je? Kazi yake ni kuhifadhi mwendo. Kuna nukta mbili katika kila mzunguko ambapo pedali moja iko juu kabisa na nyingine chini kabisa, na mguu hauna pa kusukumia. Gurudumu linalozunguka hukuvusha hapo bila kukwama. Tabia hiyo ya kitu kushikilia mwendo wake vitabu vya fizikia huiita inesha. Haina uhusiano na ugumu wa zoezi. Tena uzito peke yake haukwambii mengi, kwa kuwa nishati ya gurudumu hupanda kwa mraba wa kasi: gurudumu la kilo 5 likizunguka kwa kasi maradufu hubeba nishati sawa na la kilo 20 lenye umbo na ukubwa ule ule. Kwa hiyo anayekuongezea bei kwa sababu ya kilo, mwombe akuache upande uendeshe taratibu, kama mizunguko 50 kwa dakika. Ukihisi pedali zinaruka na kukwama, kilo zake hazikusaidii.

Gurudumu hilo lina hatari yake, na hii naisisitiza kwa wenye watoto. Baiskeli nyingi za mtindo wa darasani, zile zilizoenezwa na Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Los Angeles, hazina friwili. Ukiacha kukanyaga, pedali zinaendelea na mguu wako. Breki ya dharura ni kukibonyeza kile kile kishikizo. Mfundishe kila mtu wa nyumbani hilo kabla hajapanda, na ukimaliza kaza kishikizo hadi mwisho ili kidole cha mtoto kisipate cha kuzungusha. Spinning, jina ambalo wengi hutumia kwa darasa la namna hiyo, ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Darasa la baiskeli linatosha.

Kama mfuko unaruhusu, nunua inayoonyesha wati. Wati ndicho kipimo cha kazi kwa kila sekunde, na ndicho kinachomjibu yule mama aliyeuliza nusu ya wapi. Mtu anayeshikilia wati 100 kwa nusu saa amefanya kazi ya kilojuli 180. Mwili hugeuza kiasi cha asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati yake kuwa kazi, kwa hiyo atakuwa ametumia takribani kilokalori 170 hadi 215. Kioo kikikuandikia 500 kwa kazi hiyo, kinakudanganya.

Asilimia iliyobaki hutoka kama joto. Wati 100 kwenye pedali ni wati 300 au 400 za joto mwilini, na chumbani hakuna upepo wa safari wa kuliondoa. Kwa watu wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, ambako jasho halikauki kwa sababu ya unyevu, feni ni sehemu ya kifaa. Iwekee bajeti mapema, pamoja na taulo la kufunika usukani, kwa kuwa chumvi ya jasho hula chuma.

Kuhusu kiti, hakikisha kinapanda na kushuka, na pia kinasogea mbele na nyuma. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukihamishia kanyagio kwenye sehemu pana ya wayo, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, goti linaumia kwa mbele, na watu huilaumu baiskeli. Angalia pia uzito wa mtumiaji ulioandikwa kwenye fremu, na kwa vifaa vya mtumba zungusha pedali kwa mkono ukiwa kimya: beringi iliyokufa inakoroma.

Hata hivyo, baiskeli haijengi mifupa sana, kwa sababu mifupa hutaka kubeba mwili. Mwanamke aliyepita umri wa hedhi aongeze kutembea na kunyanyua vitu vizito. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au kizunguzungu aanze kwa daktari.

Ukienda dukani, basi, uliza maswali haya kwa Kiswahili bila aibu: ukinzani wake ni wa msuguano, sumaku au hewa, unarekebishwa kwa mkono au kwa umeme, unapimwa kwa namba gani, na kipuri chake kinapatikana wapi. Kisha panda, kanyaga dakika kumi pale pale dukani. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka na fedha yako.