Kiwavi Apimaye Shubiri

Wasikilizaji wetu, katika misitu ya Uluguru mti uitwao podo huota kati ya miti ya namna nyingi. Tusidhani ni jambo dogo. Huko Cannock Chase, Uingereza, watu walipanda misonobari mitupu katika eneo kubwa. Mwaka 1953 viwavi wa nondo fulani, ambao huenda kwa kujikunja kama mkono upimao shubiri, waliyala majani yake hata matawi yakabaki uchi. Mwaka 1954 ndege zilinyunyiza DDT, sumu iliyokatazwa baadaye nchini humo. Milima yetu ndiyo chemchemi ya mto Ruvu. Basi tupandapo miti tuichanganye, ili adui wa mmoja asiwe adui wa yote.