Kuitanguliza Lugha Kabla ya Darasa

Vijana wanaojiandaa kuingia darasa la mwanzo la Kiarabu hutuuliza kama inafaa kujisomea nyumbani kabla masomo hayajafunguliwa. Wengine huona ni kumvunjia adabu mwalimu. Tumeona tulirudishe swali hili kwa waliotutangulia.

Imam Shafii (150–204 H), Mwenyezi Mungu amrehemu, hakumwendea Imam Malik mjini Madina mikono mitupu. Alikuwa amekwisha kukaa jangwani na kabila la Hudhayl, watu wa ufasaha na mashairi, akaichota lugha vinywani mwao. Kisha akaihifadhi Muwatta kabla hajamwona aliyeitunga. Malik hakuchukizwa, imesimuliwa kuwa alipendezwa na usomaji wake. Lakini tuangalie jambo moja: Shafii hakusema kuwa kitabu amekwisha kukijua, basi anarudi zake Makka. Alikisoma upya mbele ya mwenyewe.

Kisa cha Sibawayh ni kinyume chake. Mfursi huyu alikuja Basra kutafuta hadithi. Inasimuliwa kwamba katika darasa la Hammad bin Salama (aliyefariki 167 H) alisoma “laysa Abu al-Dardaa” badala ya “laysa Aba al-Dardaa”. Hakujua kuwa laysa hapo ni ya istithnaa, yaani ya kumtoa mtu katika hukumu ya wenziwe, na jina linaloifuata hupewa nasbu. Shekhe akamkosoa papo hapo. Sibawayh akaona haya, akaazimia kutafuta elimu ambayo hakuna atakayemkosoa ndani yake, akaenda kusoma kwa al-Khalil bin Ahmad. Tunda lake ni al-Kitab, ambacho wanavyuoni wa nahau wanakitegemea mpaka leo. Umma ulipata faida kubwa. Hata hivyo, darasa aliloliendea kwanza lilimshinda kwa sababu lugha haikutangulia.

Nasi Waswahili tuna mtego wetu. Maneno mengi ya Kiarabu tumeyazoea kwa maana nyingine. Mtoto akisikia mubtadaa na khabari, hudhani anaulizwa habari za mjini! Anayejisomea peke yake huweza kukaa na kosa kama hilo mwaka mzima.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba mwanafunzi atangulize yale yasiyohitaji fahamu nyingi: herufi na mwandiko, msamiati, na kuhifadhi matini ya Ajurrumiyya ya Ibn Ajurrum (aliyefariki 723 H), baada ya kusahihishiwa harakati zake na anayezijua. Sherehe yake amwachie mwalimu. Matini iliyohifadhiwa sawasawa humngoja mwenyewe mpaka aifahamu, ilhali kanuni iliyofahamika vibaya ni tabu kuing’oa.

Je, akiwa amekwisha kuwapita wenziwe? Amwambie mwalimu siku ya kwanza, apimwe, apelekwe panapomfaa. Kunyamaza ili aonekane hodari wa kuzaliwa tunaona kunaingia katika ghushi, na mwenye kudhurika si mwalimu. Pembeni yake amekaa mtu mzima aliyeacha duka lake jioni ili aje kujua anachokisoma katika sala yake. Anamsikia jirani akijibu kila swali, naye bado anahangaika kutofautisha haa na khaa. Anajiona kichwa kizito, na wiki ya tatu haji tena. Tumewaona wa namna hiyo, na baadhi yao hawakurudi darasani kabisa.