Masikilizano ya Simu na Shimesikio

Miongoni mwa istilahi ambazo zama za simu ya mkononi zimetuletea bila hodi, iko moja ambayo mafundi wa mawasiliano huitaja kwa maneno matatu ya Kiingereza, na ambayo maana yake, ikielezwa kwa utuo, ni hali ya simu na kifaa cha kusaidia kusikia kuweza kukaa pamoja kwenye sikio la mtu mmoja pasipo kimoja kukiudhi kingine. Istilahi hiyo haijapata jina lililothibiti katika Kiswahili, wala si ajabu, kwa kuwa hata katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, ambako maduka ya simu yamepangana bega kwa bega, ni nadra mno kumsikia muuzaji akilitaja jambo lenyewe kwa lugha yoyote. Dhamira ya makala haya ni kulifafanua jambo kwanza, na jina litafuata.

Kifaa chenyewe kina majina. Watu wa Nyeri aghalabu hukiita mashine ya masikio, waandishi wa Kenya hukiita kifaa cha kusaidia kusikia, na Tanzania wapo wanaotumia neno shimesikio, ambalo nitalifuata hapa kwa kuwa ni fupi na limeundwa kwa ustadi. Shime ni mwito wa kuhimizana kazini, na aliyeliunda neno hili alitambua kwamba kifaa hicho hakimpi mtu sikio jipya wala hakiondoi uziwi, bali hulihimiza sikio ambalo lingali na nguvu kidogo, kwa kunasa sauti kwa maikrofoni, kuikuza, na kuitoa tena tunduni kwa spika ndogo mno. Basi shimesikio ni auni ya mwenye usikivu hafifu. Wale viziwi ambao lugha yao ni Lugha ya Ishara ya Kenya, kama wengi waliosomea shule za viziwi za Tumutumu karibu na Karatina, Kerugoya, Embu, au Kaaga kule Meru, haja yao katika simu ni picha iliyo wazi na ujumbe ulioandikwa, na hilo ni somo jingine.

Simu na uziwi zina historia moja. Alexander Graham Bell, aliyepata hataza ya simu nchini Marekani mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi, na mama yake na mkewe wote wawili walikuwa na uziwi. Ila chombo alichokitoa duniani kilikuwa cha kuwafaa watu wote isipokuwa walio kama hao wawili. Hata hivyo, simu za mezani za zamani zilikuwa na ila moja iliyogeuka neema, nayo ni kwamba sumaku iliyokuwa ndani ya kipande cha kusikilizia ilivujisha nje uga wa sumaku uliobadilika sawasawa na sauti ya msemaji, na mafundi wakaona kuwa wakitia ndani ya shimesikio koili ndogo ya waya wa shaba, koili hiyo itaunasa uga ule na kuurudisha kuwa sauti bila ya kupitia maikrofoni, hivyo kelele za chumbani zisipate njia, wala shimesikio isipige mluzi kwa kusogezewa simu. Hii ndiyo asili ya herufi T iliyo kwenye swichi ya shimesikio nyingi, kando ya M ya maikrofoni. Lakini uvujaji ule haukukusudiwa na yeyote, na viwanda vilipobuni spika bora zaidi zisizopoteza nguvu, uga ukapungua, na watu waliokuwa wakisikia vema juzi wakajikuta leo hawasikii neno. Marekani ikapitisha sheria mwaka 1988 ya kulazimisha simu za mezani ziwe na uga wa kutosha, na simu za mkononi, ambazo wakati huo zilikuwa chache na za matajiri, zikaachwa nje.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo la pili, lisilofanana na la kwanza hata kidogo, kwa kuwa la kwanza lilikuwa simu kutoa kichache mno, na hili ni simu kutoa kingi mno. Katika mtandao wa GSM, ambao ulienea Kenya tangu mwaka 2000, simu nane zaweza kutumia masafa mamoja kwa kupokezana, mithili ya majirani wanane kwenye kisima chenye ndoo moja: kila simu huwaka kwa muda wa chini kidogo ya sehemu sita za elfu kumi za sekunde, ikanyamaza hadi zamu yake irudi, ikawaka tena, na mzunguko huo hurudiwa takriban mara 217 kwa kila sekunde. Mawimbi ya redio yenyewe hayasikiki kwa sikio la mwanadamu. Lakini nyaya nyembamba zilizo ndani ya shimesikio huyanasa kama antena, na kikuza sauti, ambacho hakikuumbwa kwa kazi hiyo, huyageuza yale mawasho na mazimiko kuwa mtetemo wa umeme. Na mtetemo wa mara 217 kwa sekunde umo ndani kabisa ya eneo la sauti tuzisikiazo, karibu na kimo cha sauti ya mwanamume anayeimba juu kidogo. Mwenye shimesikio husikia mvumo mkali usiokoma, unaoimeza sauti ya aliyempigia, na aliye kando yake, asiye na kifaa, hasikii kitu. Yamkini kwa sababu hiyo malalamiko haya yalichukua muda kuaminiwa: ni kelele isiyo na shahidi.

Sasa tuitazame nchi, maana ukali wa mvumo huo hutegemea mahali mtu alipo. Nyeri imekaa baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na kati ya mito ishukayo kutoka huko, kama Chania, Gura na Ragati, ardhi imejikunja kuwa migongo mirefu na mabonde yenye kina, na watu wanakaa migongoni na mitelemkoni, mashamba yao ya chai na kahawa yakishuka hadi maji yalipo. Mnara wa simu, ambao wengi vijijini huuita busta, husimama kileleni, na nyumba iliyo upande wa pili wa mgongo haiuoni. Simu ya GSM ina tabia ya kupima nguvu ya mawimbi yanayoifikia kutoka mnarani, na kuongeza au kupunguza nguvu zake kwa amri ya mnara wenyewe: iliyo karibu hunong'ona, iliyo bondeni hupiga ukelele hadi kufikia wati 2 kila zamu yake ifikapo, kwa simu zitumiazo masafa ya megahezi 900. Mtandao wa 3G hauna mapigo ya namna ile, na simu yake haizidi robo ya wati. 4G pia hutumia nguvu ndogo. Kwa hiyo mtu mwenye shimesikio ile ile na simu ile ile aweza kuzungumza kwa raha akiwa kando ya soko la Karatina, kisha akifika nyumbani kwake Mukurweini au Othaya, bondeni, ambako mtandao wenye nguvu ni 2G, yaani GSM, peke yake, asiambulie ila mvumo. Na kwa kuwa simu rahisi za vitufe, zile kabambe au mulika mwizi, nyingi zake hazijui mtandao mwingine ila GSM, na kwa kuwa hizo ndizo simu za wazee wengi, na uzee ndio mlango mkubwa wa usikivu hafifu, taabu hii humwangukia zaidi yule asiye na namna ya kuikwepa.

Ndipo tunapofika kwenye jina. Walio wengi wangelitia jambo hili chini ya neno ufikivu, ambalo limekubalika kwa maana pana ya kumwezesha mtu mwenye ulemavu kutumia jengo, kitabu au mtambo, na silikatai katika maana hiyo pana. Ila ufikivu umetokana na kufika, na mwenye kufika ni mtu. Neno linamfanya yeye awe msafiri na chombo kiwe mji uliokaa mahali pake. Simu nyingi zilizotafsiriwa Kiswahili zilikwenda mbali zaidi, zikaiita sehemu hiyo ya mipangilio zana za walio na matatizo ya kuona au kusikia, maneno marefu ambayo, ghairi ya kuchosha ulimi, yanalitwisha tatizo kichwa cha mwenye simu. Katika mvumo niliouelezea tatizo halimo katika sikio. Sikio linasikia vema sana, ndiyo maana linasikia mvumo. Tatizo limo baina ya vyombo viwili.

Na yaliyo baina ya viwili, Kiswahili kina kiungo chake maalumu, nacho ni kauli ya kutendana. Wanaistilahi wa kompyuta walipata humo neno upatanifu, kutokana na kupatana, na ni neno zuri litakalofaa kwa programu na mtambo, chaja na simu, na mengineyo. Kwa simu na shimesikio napendekeza lililo karibu zaidi na nyumbani, yaani masikilizano. Waswahili wakisema watu wawili hawasikilizani, hawakusudii kwamba masikio yao ni mabovu, wanakusudia kwamba hawana maelewano. Na masikilizano ni neno la kale kwa suluhu na mapatano. Tena, huko Nyeri kwenyewe, Kikuyu kina kitenzi kũigua, kusikia, na kutokana nacho kũiguana, kukubaliana, kwa hiyo mzungumzaji wa mlimani atakayekutana na neno masikilizano katika maana hii hatahitaji kufunzwa. Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, kwamba vitu visivyo na roho havisikilizani. Nami najibu kwamba rangi hupatana, na dawa hupatana na mwili, na hakuna aliyezikatalia kwa kukosa roho.

Zaidi ya hayo, namna jambo hili lilivyopimwa kwa miaka mingi inaafiki kabisa kauli ya kutendana. Serikali ya Marekani ilipoziingiza simu za mkononi katika sheria yake mwaka 2003, ilitegemea kipimo kilichowekwa na wahandisi, ambacho baadaye, kwa miaka mingi, kiliipa simu daraja kuanzia M1 hadi M4 kwa uchache wa mvumo wake, na T1 hadi T4 kwa ubora wa uga wake wa sumaku. Na shimesikio nayo ilipewa daraja kwa uvumilivu wake. Daraja mbili zilijumlishwa: jumla ya 4 ilikuwa ya kuvumilika, 5 ya matumizi ya kawaida, 6 bora. Shimesikio dhaifu ya M2 iliweza kuokolewa na simu ya M4, na kinyume chake, ilhali simu ya M4 haikuwa dhamana kwa shimesikio isiyo na kinga yoyote. Hakuna upande unaobeba mzigo wote. Mwaka 2024 Marekani iliamua kwamba, baada ya muda wa mpito, simu zote mpya za mkononi zisikilizane na shimesikio, na ikaingiza katika hesabu njia ya Bluetooth, ambayo hupeleka sauti moja kwa moja hadi ndani ya shimesikio za kisasa. Njia njema, kwa mwenye uwezo wa kununua vyote viwili.

Kwetu, Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kushinda vikwazo vya ulemavu wake, na Shirika la Viwango la Kenya lilitoa mwaka 2022 kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari, kilichotokana na kile cha Ulaya cha EN 301 549, ambacho kinataka simu ya kuwekwa sikioni iwe na uga wa sumaku wa kuifaa koili ya shimesikio. Misingi basi ipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye kasha la simu, kwa lugha anayoisoma mnunuzi: simu hii husikilizana na shimesikio.

Mpaka mstari huo upatikane, mnunuzi hana budi ajaribu mwenyewe. Wauzaji wengi hushauri kutumia spika ya nje, ushauri rahisi kwa asiyelazimika kuisikilizisha matatu nzima habari za deni lake. Afadhali waya wa masikioni, au kitanzi cha shingoni kwa mwenye koili, maana vyote viwili huiweka simu mbali na kichwa, na mvumo hupungua upesi kwa kila sentimeta iongezekayo. Afadhali pia kuishikia simu juu kidogo, nyuma ya sikio, iliko maikrofoni ya shimesikio nyingi, badala ya kuikandamiza kwenye tundu. Lakini akiingia cucu, yaani nyanya, dukani Nyeri mjini, akaomba kuijaribu simu kabla ya kulipa, na akasikia vizuri, muuzaji asimwambie, “Umeona, cucu, iko sawa,” kwa kuwa mnara uko mtaa wa pili na simu inanong'ona tu. Badala yake aifungie simu kwenye 2G kama mipangilio inaruhusu, amsindikize hadi nyuma ya jengo, au chini kwenye chumba cha ghala ambako mtandao ni hafifu, na hapo ndipo ampigie.