Rosine, Ng'ambo ya Pili

Jumamosi tulitoka Mji wa Kale, tukavuka daraja la Nyali kwa miguu, jua la utosi, mpaka mwenzetu mmoja akawa anatafuta madafu badala ya makaburi. Tulikuwa tunamwendea Rosine Krapf. Alifika Mombasa Mei 1844. Julai 13 homa ikamuua, na binti yake mchanga akamfuata baada ya siku chache tu. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, naye alikuwa hoi kitandani. Yeye akapona. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, na shuleni ndiye tuliyemsoma. Rosine? "Mke wake," basi.

Dada mmoja kundini akauliza huyo mtoto aliitwa nani. Kimya. Ng'ambo, kisiwani, adhana ya alasiri ikaanza.