Kurejesha Amri Zilizokwisha Kuandikwa: Kumbukumbu ya Mashine na Ushahidi wa Kihistoria Mirongo, Mwanza

Historia ya kompyuta nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata mashine na maamuzi ya serikali: kompyuta iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, katazo la mwaka 1974 la kuingiza kompyuta nchini, kisha kulegezwa kwa katazo hilo. Insha hii inafuata jambo dogo zaidi, yaani uwezo wa mtu kuirejesha amri aliyokwisha kuiandika bila kuiandika upya. Mfano wake ni Mirongo, kata ya jijini Mwanza yenye jina moja na mto unaopita jijini humo na kuingia Ziwa Viktoria.

Katika enzi ya kadi zilizotobolewa, kurejesha amri hakukuwa tatizo. Kadi yenyewe ndiyo iliyokuwa kumbukumbu. Aliyetaka kurudia kazi aliingiza tena bunda lile lile. Tatizo lilizuka pale mtu alipoanza kuandika amri moja kwa moja mbele ya kompyuta, kwani mstari ukishatekelezwa ulikuwa umekwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliweka orodha ya amri zilizopita katika csh, programu yake ya kupokea amri za Unix. Alama mbili za mshangao zilitosha kurudia amri ya mwisho. Katika MS-DOS, kitufe cha F3 kilirudisha mstari mmoja tu, hadi toleo la 5.0 la mwaka 1991 lilipokuja na Doskey. Hapo ndipo mshale wa juu ulipoanza kuzileta amri moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, Doskey iliitunza orodha yake katika kumbukumbu ya muda, nayo ilitoweka kompyuta ilipozimwa. Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, huhifadhi orodha katika faili, lakini kwa kawaida huiandika faili hiyo kikao kinapofungwa. Umeme ukikatika ghafla, amri za kikao hicho hazifiki kwenye diski. Kwa mji wa Tanzania wa mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa na nchi ikaingia katika mgao wa umeme, hili si suala la kiufundi tu. Faili tupu haithibitishi kwamba hapakuwa na kazi, na mwanahistoria anayeisoma hivyo anaugeuza upungufu wa umeme kuwa upungufu wa ujuzi.

Ushahidi mzito zaidi umo katika simu ya mkononi. Aliyenunua vocha ya kukwangua aliandika nyota, namba ya huduma, nyota nyingine, tarakimu za vocha, kisha akamalizia kwa reli. Hiyo ni amri kamili: ina kitenzi chake, ina kitendwa chake, na ina alama ya kuifunga. Tarakimu moja ikikosewa, mtandao uliikataa. Hapo mpigaji hakuanza upya. Alifungua orodha ya namba zilizopigwa, akauleta mstari ule ule, akarekebisha tarakimu iliyokosewa na kuutuma tena. Ndicho kitendo kile kile cha mshale wa juu. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, *150*00# ikawa mstari mwingine wa kurejeshwa kwa namna hiyo. Dai kwamba watu wa mitaa kama Mirongo walikuwa wapokeaji tu wa teknolojia, wasiojua kuiamuru mashine, ni gumu kulitetea mbele ya kitendo hiki.

Orodha hiyo, hata hivyo, ina mipaka yake. Inaonyesha msimbo ulioufungua mlango wa huduma, lakini majibu yaliyofuata, pamoja na namba ya siri, hayamo. Kwa simu iliyotumiwa na watu kadhaa nyumbani, huo ulikuwa ulinzi. Pale tarakimu za vocha zilipobaki, zilikuwa zimekwisha thamani. Tena simu ndogo za miaka hiyo zilihifadhi namba chache tu zilizopigwa. Mpya ilipoingia, ya zamani kuliko zote iliondoka. Kinachobaki kwa mwanahistoria ni vocha zilizokwisha kukwanguliwa, zikipatikana, na masimulizi ya waliozoea kuzirudia amri hizo kwa vidole vyao.