Mashine ya Supu na Akina Mama Wasio na Majina: Nani Kasema Wewe ni Mvivu?

Leo ubuyu wetu ni wa zamani kidogo, wa miaka 300 na ushee, lakini unakuhusu hata kama nyumbani kwako kuna jiko moja la gesi na sufuria mbili tu.

Kilichonifanya niandike ni zile video za mashine ya supu ya umeme. Si unazijua? Dada anakata boga, karoti na kitunguu, anatumbukiza kwenye kitu kinachofanana na birika la umeme, anamwaga maji, anabonyeza kitufe, anaenda zake kuoga. Akirudi, supu nzito imeiva na imesagika. Unashuka kwenye komenti sasa: "Wanawake wa siku hizi wavivu." "Mama zetu hawakuwa hivi." "Mke wa hivi narudisha kwao."

Hilo la "mama zetu" ndilo lililonikera. Maana ukifuatilia historia ya supu, utakuta watu wamehangaika karne na karne kupunguza kazi yake. Waliovumbua vifaa majina yao tunayo. Waliokuwa wanakoroga, wanasaga na kupuliza moto, hatuna jina hata moja.

Yalianza na mifupa

Mwaka 1679 Mfaransa anaitwa Denis Papin aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society jijini London chungu cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa kisawasawa. Mvuke ukibanwa ndani, joto linapanda kuliko maji yanayochemka kawaida, na mifupa migumu inalainika. Aliweka na vali ya kupumulia ili chungu kisilipuke. Mwaka 1682 akawaandalia wanasayansi hao chakula kilichopikwa humo, wakala mpaka mifupa. Ndiyo babu wa preshakuka ya leo.

Shida aliyoitatua Papin unaijua ukiwahi kupika makongoro. Mfupa unataka masaa. Masaa yanataka kuni au mkaa, na yanataka mtu wa kukaa pale kuangalia moto. Mtu huyo alikuwa nani kwenye nyumba za Ulaya? Mke, binti au mtumishi. Hakuna aliyemwalika mezani na wanasayansi.

Halafu hii hapa wengi hawaijui. Neno restaurant, ambalo dunia nzima inalitumia kwa mgahawa, lilikuwa jina la supu. Paris ya miaka ya 1760 ilikuwa na sehemu za kuuza mchuzi mzito wa nyama kwa watu waliojisikia dhaifu. Mchuzi wenyewe ndio ulioitwa restaurant, yaani kitu cha kurudisha nguvu. Baadaye jina likahamia kwenye nyumba inayouza. Kwa hiyo anayekwenda kijiweni asubuhi kunywa supu ya mbuzi na chapati ili arudishe nguvu baada ya usiku mrefu, anafanya kitu kilekile walichofanya Waparisi. Tofauti ni pilipili na ndimu tu.

Wanawake wa viwandani

Hapa ndipo stori inapoanza kuuma. Uswisi ya miaka ya 1880, wanawake wengi walikuwa wanafanya kazi viwandani. Wanatoka asubuhi, wanarudi jioni wamechoka, hawana muda wa kupika chakula cha maana. Familia zikawa zinakula vibaya na watu wanaugua. Daktari mmoja aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, Fridolin Schuler, akaona suluhisho liko kwenye jamii ya kunde: zina protini, zina bei nafuu. Tatizo, zinachelewa kuiva.

Mwenye kinu cha kusaga nafaka, Julius Maggi, akalifanyia kazi. Mwaka 1886 akatoa supu ya unga wa njegere na maharage: unachanganya na maji, unachemsha kidogo, mnakula. Mwaka 1908 ikaja ile kete ya supu ambayo mpaka leo ukifungua kabati za jikoni za watu utaikuta.

Kwa hiyo kete ambayo wengine wanaiita "njia ya mkato" ina asili kwa mwanamke aliyesimama kiwandani siku nzima kisha akatarajiwa apike kama mtu aliyeshinda nyumbani. Jina la Maggi limebaki kwenye karatasi ya kete. La mwanamke yule halipo popote.

Blenda ilianzia kwenye vinywaji

Mwaka 1922, huko Racine, Wisconsin, Marekani, Stephen Poplawski, mzaliwa wa Poland, alitengeneza chombo chenye visu chini ya jagi kwa ajili ya kuchanganyia vinywaji vya maziwa. Miaka ya 1930 kiongozi mmoja wa bendi, Fred Waring, akatia hela kwenye blenda iliyoboreshwa na akaitangaza kama msanii anavyotangaza bidhaa leo. Ndiyo, mastaa kuuza vyombo vya jikoni hakujaanza na Instagram! Mwanzoni walilenga baa na vinywaji vyake. Baadaye blenda ikaingia mpaka maabara, na Jonas Salk aliitumia kwenye utafiti wa chanjo ya polio.

Kwenye supu, blenda ilichukua nafasi ya kinu na chujio. Lakini ilibakiza tatizo moja: uchemshe kwenye sufuria, umimine vya moto kwenye jagi, usage, urudishe kwenye sufuria. Na supu ya moto kwenye blenda ya kawaida ni hatari. Mvuke unasukuma kifuniko, unaungua mkono au uso. Mwaka 1950 Mswisi Roger Perrinjaquet akasajili blenda ya mkono, ile ya kutumbukiza ndani ya sufuria. Afadhali kidogo.

Hatua kubwa ikaja Ufaransa, nchi inayopenda supu zilizosagwa. Mkurugenzi wa tawi la kampuni ya Kijerumani ya Vorwerk huko alijiuliza: kwa nini tusipike na kusaga kwenye chombo kimoja? Mwaka 1971 ikatoka Thermomix ya kwanza.

Na ndugu wa karibu zaidi wa mashine hii ya kwenye video anatoka China. Maziwa ya soya kule ni kifungua kinywa cha asili, na kazi yake si ya kitoto: uloweke soya, usage, uchuje, uchemshe vizuri maana soya mbichi inasumbua tumbo. Kampuni ya Joyoung, iliyoanzishwa 1994, ikatengeneza jagi lenye hita na visu pamoja, mota ikiwa kwenye kifuniko. Mwaka 2008, maziwa ya unga ya watoto yaliyochanganywa na melamini yaliugulisha watoto karibu 300,000 nchini China na wengine wakafariki. Wazazi wakakosa imani na maziwa ya dukani, mashine za soya zikanunuliwa kwa kasi. Watu hawakuwa wavivu, walitaka kujua kilichomo kwenye kikombe cha mtoto.

Ukitazama mashine nyingi za supu zinazouzwa leo, umbo ni lilelile: jagi, hita chini, mota na visu kwenye kifuniko.

Sasa turudi jikoni kwako

Kama unayo au unataka kununua, mambo ni haya. Nyingi zinabeba kati ya lita 1 na 1.6, supu ya watu watatu wanne. Ndani kuna mistari miwili, ya chini na ya juu. Usipike chini ya mstari wa chini, itaungulia. Usizidishe wa juu, itafoka. Kata vitu vidogovidogo. Supu laini inachukua kama dakika 20 hadi 25, ya vipande inazidi kidogo. Kitunguu na kitunguu saumu ukivikaanga kwanza pembeni, ladha inakuwa nyingine kabisa.

Umeme usikutishe. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo dakika 20 inakula theluthi ya uniti ya Luku.

Tahadhari mbili. Nyama mbichi usiweke, iive kwanza. Na maharage mekundu makavu usiyatumbukize hivihivi: yana sumu ya asili, yanatakiwa yalowekwe na yachemke kwa nguvu kwenye sufuria kabla ya kufika huko.

Na tuambiane ukweli, makongoro hayaingii humo. Wala pweza, wala utumbo, wala kichwa cha mbuzi. Kwetu tukisema supu tunamaanisha kitu chepesi chenye mfupa, cha kunywa kwa kelele. Mashine hii ni ya supu ya boga, viazi, karoti, nyanya, njegere. Mama lishe wa mtaani kwako hajapata mpinzani bado.

Muda uliobaki ni wa nani?

Likizo iliyopita nilimpelekea bibi yangu Muheza mashine hii. Meno yamebaki ya kuhesabu, nyama hawezi tena. Nikapika boga na tui la nazi, akaonja, akanyamaza. Nikadhani hajapenda. Akaniuliza, "Mke mwenza, hii kitu ilikuwepo tangu lini?" Nikamwambia ni ya miaka ya karibuni. Akasema, "Ningeipata mimi, nisingeumwa mgongo huu."

Hakusema "wavivu nyie." Mwanamke aliyetwanga maisha yake yote ndiye hakuona kosa lolote. Wanaoliona ni watu ambao hawajawahi kushika mchi.

Lakini nisikudanganye kwamba mashine peke yake inakukomboa. Mwanahistoria wa Marekani, Ruth Schwartz Cowan, aliandika kitabu mwaka 1983 kuhusu vifaa vya nyumbani. Alionyesha kwamba majiko, mashine za kufulia na vinginevyo havikupunguza masaa ya kazi ya mama wa nyumbani kama ilivyotarajiwa. Vilichopunguza kwanza ni kazi za wengine. Jiko la kisasa lilipokuja, baba na watoto wa kiume wakaacha kukata kuni. Mama akabaki jikoni vilevile, na sasa akatarajiwa apike vyakula vingi zaidi na nyumba ing'ae zaidi.

Hapo ndipo swali letu lilipo. Ukiokoa saa moja, nani anaichukua? Kama saa hiyo inageuka kupiga pasi mashati ya mtu aliyelala kwenye kochi, basi mashine imemsaidia yeye. Kama inageuka kuwa usingizi wako, kitabu chako, biashara yako au kukaa tu na mwanao, hapo sawa.

Na kitufe cha mashine ya supu hakichagui jinsia. Kaka, na wewe unaweza kukibonyeza. Kuosha jagi pia, kabla supu haijakaukia kwenye visu.

Haya, niambieni kwenye komenti: nyumbani kwenu kazi gani ikipata mashine, nani ndiye angepumzika? Na kama una bibi aliyetwanga, muulize anaitwa nani kwa ukamilifu, uliandike jina lake hapo chini. Historia imewasahau wengi, hawa wetu tuwaandike wenyewe.